Jules Cornet

Jules Cornet (Saint-Vaast, Ubelgiji, 4 Machi 1865 – Mons, Ubelgiji, 17 Mei 1929) alikuwa mwanajiolojia wa Ubelgiji anayekumbukwa hasa kwa kuchunguza kitaalamu miamba na mashapo ya shaba ya Katanga, kusini mwa nchi inayoitwa leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Jina lake limebaki katika kornetiti, madini adimu ya shaba yenye rangi ya buluu yaliyotambuliwa kwanza karibu na Lubumbashi.

Vitabu kadhaa humwita mgunduzi wa shaba ya Katanga. Neno hilo linahitaji kutumiwa kwa uangalifu. Shaba hiyo ilichimbwa, ikayeyushwa na kuuzwa mbali kwa karne nyingi kabla Cornet hajazaliwa, na baadhi ya waliotajirika kwayo walitoka upande wa Ziwa Viktoria. Alichokifanya yeye ni kuyaona mashimo ya wachimbaji hao, kueleza yamo katika miamba ya namna gani, na kuyaandika kwa lugha ambayo makampuni ya Ulaya yaliielewa.

## Maisha ya awali

Cornet alizaliwa katika jimbo la Hainaut, eneo la migodi ya makaa ya mawe. Alisomea sayansi asilia katika Chuo Kikuu cha Ghent. Alikuwa na umri wa miaka 26 tu alipochaguliwa kuwa mwanajiolojia wa msafara uliotumwa Katanga mwaka 1891.

## Shaba ya Katanga kabla ya Cornet

Katika makaburi ya kale kando ya ziwa Upemba, kaskazini mwa eneo la shaba, wanaakiolojia wamekuta misalaba midogo ya shaba iliyozikwa pamoja na wafu zaidi ya miaka 500 iliyopita. Misalaba hiyo ilitumika pia kama fedha. Wachimbaji walifuata hasa malakiti, jiwe la kijani lenye shaba nyingi. Walichimba wakati wa kiangazi, shughuli za shamba zikiwa zimepungua. Mbale zilichambuliwa, zikapangwa pamoja na makaa ya kuni katika matanuri yaliyojengwa kwa udongo wa kichuguu, na moto ukachochewa kwa mivukuto. Shaba iliyoyeyuka ilimiminwa katika kalibu, au baadaye ikavutwa kuwa nyaya za bangili.

Habari za shaba hiyo zilifika mbali. Katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara Wasumbwa, jamaa wa Wanyamwezi, walikuwa wakienda Katanga kuinunua. Msomaji anayevuka kwa kivuko kutoka Mwanza hadi Kamanga, akapita Sengerema na Geita na kuendelea kusini-magharibi, atafika Bukombe na Mbogwe, ambako Wasumbwa wanaishi hadi leo. Mmoja wa wafanyabiashara hao alikuwa Ngelengwa, anayejulikana zaidi kwa jina la Msiri. Alifika Katanga katika miaka ya 1850 akifuata nyayo za baba yake, hakurudi, akajenga dola yenye makao makuu Bunkeya. Watu wake waliitwa Wayeke. Kwa zaidi ya miaka 20 Msiri alitawala biashara ya shaba, pembe za ndovu, chumvi na watumwa kati ya pwani ya Bahari ya Hindi na ile ya Atlantiki. Utawala wake ulikuwa mkali, na mwishoni wenyeji Wasanga walimwasi.

Utajiri huo ndio uliowavuta Wazungu. Upande mmoja kampuni ya Cecil Rhodes ilitaka Katanga iwe chini ya Uingereza. Upande wa pili mfalme Leopold II wa Ubelgiji aliidai kuwa sehemu ya Dola Huru la Kongo, iliyokuwa mali yake binafsi. Msiri alikataa kupokea bendera ya Leopold. Msafara wa kapteni William Stairs, ulioanza safari yake Zanzibar na Bagamoyo ukiwa na wapagazi wengi Waswahili na Wanyamwezi, ulifika Bunkeya Desemba 1891. Tarehe 20 mwezi huo Msiri aliuawa kwa risasi na afisa wa msafara, Omer Bodson, ambaye naye alipigwa risasi palepale akafa.

## Safari ya 1891–1893

Cornet hakuwa katika msafara wa Stairs. Wake uliongozwa na luteni Lucien Bia, akisaidiwa na Émile Francqui, na ulitumwa na Kampuni ya Katanga ya Ubelgiji. Walipita njia ya magharibi: kwa meli ya mvuke katika mto Kongo na mto Sankuru hadi Lusambo, kisha kwa miguu. Walifika Bunkeya mwishoni mwa Januari 1892, wiki sita hivi baada ya kifo cha Msiri.

Walikuta mji unaokufa. Vita vya Wasanga vilikuwa vimeharibu mashamba, watu wametawanyika, na chakula hakikupatikana hata kwa bei kubwa. Watu wa msafara wa Stairs walikuwa wamedhoofika kwa njaa na homa na wakaondoka kuelekea pwani. Stairs mwenyewe alifariki njiani huko Chinde, Msumbiji. Katika msafara wa Bia pia askari na wapagazi wengi walikufa kwa njaa. Jambo hili hutajwa kwa sentensi moja tu katika masimulizi mengi ya safari hiyo. Hata hivyo ramani ya kwanza ya jiolojia ya Katanga ilichorwa katikati ya njaa hiyo, na mizigo ya mawe ya Cornet ilibebwa kwa vichwa vya watu waliokosa chakula.

Bia na Francqui walipokwenda kusini hadi Chitambo kuweka kibao cha kumkumbuka David Livingstone, Cornet alijishughulisha na miamba. Alitembelea sehemu zenye shaba, ikiwa ni pamoja na Kambove, ambako mashimo ya wachimbaji wa zamani yalikuwa wazi. Mtaalamu mgeni asingeweza kwa miezi michache kuzipata peke yake sehemu zilizotawanyika katika eneo kubwa namna ile. Wenyeji walizijua, na vilima vyenyewe vilijionyesha: udongo ukiwa na shaba nyingi mno miti haioti, hivyo kilima hubaki na majani na maua machache yanayoistahimili.

Bia alifariki kwa ugonjwa mwezi Agosti 1892. Francqui alichukua uongozi, na msafara ukachunguza sehemu za juu za mto Lualaba kabla ya kurudi Lusambo na hatimaye Ubelgiji mwaka 1893. Francqui baadaye akawa mmoja wa mabenki wenye nguvu kubwa nchini mwake. Cornet alirudi kwenye mawe yake.

## Kazi ya kisayansi

Katika miaka iliyofuata Cornet alitoa maandiko kuhusu jiolojia ya beseni la Kongo na ya Katanga. Aliigawa miamba katika makundi kwa umri na kueleza yanavyolaliana. Kundi moja aliliita Kundelungu, kwa jina la nyanda za juu zilizoko mashariki mwa eneo la shaba. Wanajiolojia wa Kongo na Zambia wanalitumia jina hilo hadi sasa, ingawa mipaka ya kundi lenyewe imerekebishwa mara nyingi.

Maandiko hayo hayakuzaa mgodi mara moja. Shaba ilikuwepo, lakini reli haikuwepo, na hakuna aliyeweza kubeba maelfu ya tani za chuma hiki kichwani hadi baharini. Kati ya 1899 na miaka michache iliyofuata watafutaji madini wa kampuni ya Tanganyika Concessions walipita tena katika eneo hilo, nao wakiongozwa kwa sehemu kubwa na machimbo ya kale ya wenyeji. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, reli kutoka kusini ilifika Élisabethville (leo Lubumbashi) mwaka 1910, na mwaka uliofuata kiwanda kilianza kuyeyusha shaba. Wayeyushaji wa matanuri ya udongo hawakupata hisa katika kampuni hiyo. Wengi wa vizazi vyao waliingia humo kama vibarua.

Tangu mwishoni mwa karne ya 19 Cornet alifundisha jiolojia katika shule ya uhandisi wa migodi mjini Mons. Alichunguza pia miamba ya Hainaut, mkoa wake wa kuzaliwa, na kuandika kitabu kikubwa cha jiolojia chenye juzuu kadhaa.

## Kornetiti

Mgodi wa kwanza wa Union Minière ulikuwa Étoile du Congo, maana yake Nyota ya Kongo, ambao wenyeji waliuita Kalukuluku. Uko karibu na Lubumbashi. Humo ndimo yalimopatikana madini ya buluu ambayo mtaalamu wa madini Henri Buttgenbach, Mbelgiji pia, aliyapa jina la kornetiti mwaka 1917, Cornet akiwa bado hai.

Kikemia kornetiti ni fosfati ya shaba yenye haidroksili: Cu₃(PO₄)(OH)₃. Takriban asilimia 57 ya uzito wake ni shaba, karibu sawa na malakiti. Fuwele zake ni za mfumo wa othorombiki, kwa kawaida ndogo sana, zikifunika uso wa mwamba kama ukoko unaong'aa kama kioo. Rangi ni buluu iliyokolea, au buluu inayoelekea kijani. Ugumu wake ni 4.5 katika kipimo cha Mohs, kwa hiyo kisu cha chuma huichora. Uzito wake ni takriban mara 4.1 ya uzito wa maji ya ujazo uleule.

Kwa macho ni rahisi kuichanganya na azuriti, ambayo pia ni buluu. Njia moja ya kuzitofautisha ni tone la asidi hafifu ya haidrokloriki: azuriti na malakiti ni kaboneti, hivyo hutoa mapovu, kornetiti huyeyuka bila mapovu.

Ili kuelewa kwa nini ni adimu, tuangalie inavyotokea. Chini kabisa ardhini shaba ya Katanga imeungana na salfa. Karibu na uso wa nchi, maji ya mvua yenye oksijeni huivunja michanganyiko hiyo na kuiyeyusha shaba, kama vile chombo cha shaba kilichoachwa kwenye unyevu kinavyoota kutu ya kijani. Shaba iliyomo katika maji hayo huungana na kinachopatikana njiani. Ikikuta kaboneti, ambayo ni nyingi katika miamba ya Katanga, hutokea malakiti. Ikikuta fosfati, ile iliyomo katika mbolea ya Minjingu, hutokea mojawapo ya fosfati za shaba. Nazo ni kadhaa: libetheniti ina atomu 2 za shaba kwa kila fosfati moja, kornetiti inahitaji 3. Ni lazima basi shaba iwe nyingi sana na fosfati iwe kidogo lakini isikosekane, hali isiyopatikana mahali pengi.

Penye arseniki badala ya fosfati hutokea arsenati za shaba. Mfano wa karibu ni klinoklasi, Cu₃(AsO₄)(OH)₃, iliyojulikana kwanza kutoka migodi ya Cornwall, Uingereza. Ukilinganisha fomula hizo mbili utaona kwamba arseniki imekaa mahali pa fosforasi tu, kwa kuwa elementi hizo ziko katika kundi moja la jedwali la elementi. Hata hivyo mpangilio wa atomu si uleule: fuwele za klinoklasi ni za mfumo wa monokliniki. Tofauti nyingine ni ya kiafya, kwa sababu arseniki ni sumu, na anayeshika sampuli za arsenati anapaswa kunawa mikono.

Nje ya Katanga, kornetiti imepatikana katika mgodi wa Bwana Mkubwa karibu na Ndola, Zambia, na katika majimbo ya Nevada na Arizona, Marekani. Haichimbwi kwa ajili ya shaba, maana ni kidogo mno. Hutafutwa na majumba ya makumbusho na wakusanyaji wa madini. Misalaba ya shaba ya wayeyushaji wa zamani, kwa upande wake, iliwekwa mwaka 1960 katika bendera ya Katanga ilipojitenga na Kongo.

## Kifo

Cornet alifariki mjini Mons tarehe 17 Mei 1929, akiwa na umri wa miaka 64. Wakati huo Katanga ilikuwa imekuwa mojawapo ya maeneo makuu ya uzalishaji wa shaba duniani, na Bunkeya ilibaki makao ya watawala wa Wayeke, wazao wa Msiri, kama ilivyo hadi leo.