Mwalimu Enoch Sontonga na Wimbo Wetu

Wimbo wa Taifa unapoimbwa, wewe husimama wima. Mwenye kofia huivua. Umeuimba mara nyingi, tena kwa moyo. Lakini umepata kujiuliza ni nani aliyetunga tuni yake, yaani namna sauti zake zinavyopanda na kushuka? Mtunzi huyo hakuwa mfalme wala tajiri. Alikuwa mwalimu wa shule, Mwafrika, na jina lake ni Enoch Sontonga. Soma habari zake.

Kijana mwalimu

Sontonga alizaliwa karibu mwaka 1873 huko Uitenhage, kusini mwa Afrika Kusini. Kabila lake ni Mxhosa. Alisomea ualimu katika chuo cha Lovedale. Baadaye alifundisha katika shule ya misheni ya Wamethodisti huko Nancefield, karibu na Johannesburg.

Wakati ule Johannesburg ulikuwa mji mchanga. Dhahabu iligunduliwa huko mwaka 1886, na watu wakamiminika kutoka kila upande. Wazee wetu wa Mbeya na Rungwe wanaifahamu habari hiyo. Kabla ya Uhuru, baadhi yao walichukuliwa na Wenela kwenda kuchimba dhahabu huko Kusini. Wachimbaji Waafrika walilala kambini, mbali na wake na watoto wao. Waliitoa dhahabu ardhini, lakini utajiri ulikwenda kwa wengine. Sontonga aliyaona mateso hayo. Ndiyo maana nyimbo zake nyingi zilikuwa za huzuni.

Herufi za nyimbo

Sontonga alikuwa pia mwalimu wa kwaya, na alijua kuandika sauti za nyimbo. Elimu hiyo ilianza zamani sana.

Miaka kama 1000 iliyopita, huko Italia, aliishi mtawa aitwaye Guido wa Arezzo. Siku hizo waimbaji wa kanisani walijifunza nyimbo kwa kusikiliza na kukariri. Iliwachukua miaka mingi. Guido akatumia mistari na kuweka alama juu yake, ili mwimbaji aone kwa macho sauti inapopanda na inaposhuka. Tena alizipa sauti sita majina: ut, re, mi, fa, sol, la. Baadaye ut iliitwa do, na sauti ya saba ikaongezwa. Kwa njia ya kuandika, nyimbo za Ulaya ziliweza kuishi kuliko watunzi wake. Bach, mtunzi wa Ujerumani, alikufa mwaka 1750, lakini nyimbo zake huimbwa mpaka leo.

Katika karne ya 19, Waingereza wawili, mwalimu Sarah Glover na mchungaji John Curwen, waliirahisisha kazi hiyo. Walitumia herufi tu: d, r, m, f, s, l, t. Hata mtu asiye na kinanda aliweza kujifunza kwa ubao na chaki. Hiyo ndiyo solfa. Wamisionari waliileta Afrika. Ukipita hapa Ilomba saa ya mazoezi ya kwaya, utasikia waimbaji wakianza na do, re, mi, kisha ndipo wanaimba maneno.

Wimbo unazaliwa

Mwaka 1897 Sontonga alitunga wimbo kwa ajili ya wanafunzi wake. Ulikuwa sala fupi kwa Kixhosa, ya kumwomba Mungu aibariki Afrika. Unaitwa Nkosi Sikelel' iAfrika. Aliuandika katika daftari kwa solfa. Mwaka 1899 uliimbwa mbele ya watu wengi, mchungaji mmoja Mwafrika alipowekewa mikono.

Tarehe 18 Aprili 1905 Sontonga alifariki, akiwa na umri wa miaka kama 32 tu. Alimwacha mjane, Diana, na mtoto mmoja. Lakini daftari lilibaki. Walimu wa kwaya walikwenda kwa mjane kuazima nyimbo, wakaziimba mahali pengi.

Tarehe 8 Januari 1912 Waafrika walikutana mjini Bloemfontein, wakaunda chama kilichokuja kuitwa ANC. Katika mkutano huo wimbo wa Sontonga uliimbwa. Mwaka 1925 chama kiliufanya kuwa wimbo wake. Ndipo ukavuka mipaka. Tanganyika ilipopata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961, tuni hiyo ilikuwa ya Wimbo wetu wa Taifa, kwa maneno ya Kiswahili. Ukivuka mpaka pale Tunduma, utasikia Wazambia nao wanaimba tuni hiyo hiyo kwa maneno yao, tangu mwaka 1964. Na huko kwao Sontonga, ni sehemu ya Wimbo wa Taifa wa Afrika Kusini.

Kaburi lililopotea

Kwa miaka mingi kaburi la mwalimu huyu halikujulikana lilipo. Lilikuwa katika makaburi ya Braamfontein, Johannesburg. Sababu moja ya kupotea kwake ni hii: katika kitabu cha makaburi aliandikwa kwa jina la Enoch. Waliotafuta jina la Sontonga hawakuliona. Lilipatikana katika miaka ya 1990. Tarehe 24 Septemba 1996 Rais Nelson Mandela alizindua mnara wa kumkumbuka.

Ndugu msomaji, jina halikuandikwa sawasawa, kaburi likapotea. Wimbo uliandikwa sawasawa, nao haukupotea. Wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Kijijini kwako kuna nyimbo za kulima, za harusi na za kubembeleza watoto. Bibi anazijua, lakini hazimo katika daftari lolote. Siku bibi akituacha, nazo zitakwenda. Basi chukua daftari, kaa naye, uandike maneno yake. Mwombe mwalimu wa kwaya aandike solfa. Halafu andika jina la bibi, lote kamili.

Maswali

1. Sontonga alifanya kazi gani?
2. Guido aliwasaidia waimbaji kwa njia gani?
3. Kwa nini kaburi la Sontonga lilikuwa vigumu kupatikana?
4. Taja nchi tatu zinazotumia tuni ya Sontonga.
5. Zungumzeni darasani: ni nyimbo zipi za kijiji chetu ziandikwe kwanza? Nani anazijua?