Mzee Karume: kisiwa kidogo kuingia katika nchi kubwa

Wandugu wanachama, na ninyi wafadhili wetu,

Sisi tuliokaa Nyarugusu na Lugufu tunakumbuka 26 Aprili, sikukuu ya Muungano kule Tanzania. Wengi tulisherehekea bila kuuliza nani aliungana na nani. Leo tunaleta maisha ya mmoja wao, Abeid Amani Karume. Sababu iko hii: katika mkutano mkuu tutajibu swali sawa na lake. Chama chetu kidogo kiingie katika shirika kubwa lililotualika, ao kibaki peke yake?

Karume alizaliwa 1905. Hakusoma mingi. Alikuwa baharia, akaona bandari za mbali, kisha akarudi Unguja na kuongoza wenye maboti ya kuvusha abiria. Watu wa Baraka tunaijua kazi hiyo. Mwaka 1957 vyama viwili viliungana kuwa Afro-Shirazi, yeye akawa kiongozi.

Zanzibar ilipata uhuru 10 Desemba 1963. Tarehe 12 Januari 1964 mapinduzi yakaangusha serikali ya Sultani. Watu wengi waliuawa, wengine wakakimbia kwa maboti. Sisi tuliokimbia hatuwezi kulipita hilo haraka. Karume akawa Rais wa nchi yenye watu kama laki tatu, na hali yake haikuwa imetulia.

Tanganyika, yenye watu kama milioni kumi, ilikuwa imemutumia polisi. Lakini na mkubwa alikuwa na shida yake: mwezi uleule askari wa Nyerere waliasi. Kila mmoja alimuhitaji mwenzake. Wakatia sahihi 22 Aprili, na siku nne baadaye Muungano ukaanza.

Faida Karume aliipata. Alikuwa na jirani mwenye nguvu nyuma yake, akawa Makamu wa Kwanza wa Rais, na kule Unguja serikali ilibaki yake. Aligawa mashamba ya eka tatu tatu, akajenga majumba ya Michenzani. Pesa za karafuu aliendelea kuzishika mwenyewe.

Hasara nayo ilikuwepo. Zanzibar ilipoteza kiti chake Umoja wa Mataifa, kilichokuwa hakijamaliza hata miezi mitano. Mambo yaliyokabidhiwa yalikuwa 11. Kwa miaka orodha ikafika 22. Na wananchi hawakupigishwa kura. Njo maana mpaka leo watoto wao wanabishana. Muungano haukuwakinga pia na mukono mukali wa Karume mwenyewe: hakukuwa na uchaguzi, na wapinzani walifungwa, wengine hawakuonekana tena. Tarehe 7 Aprili 1972 alipigwa risasi Kisiwandui akafa.

Kwetu tunaona mambo matatu. Kwanza, tuandike ni nini tunakabidhi na nini kinabaki: sanduku letu la kusaidiana wakati wa ugonjwa na kilio, mashamba ya pamoja, orodha ya wanachama. Pili, tuandike ni nani ana ruhusa ya kuongeza kitu katika orodha hiyo, na kwamba bila mkutano wetu hakiongezwi. Tatu, kila mwanachama apige kura, wa Fizi na wa Baraka, mama na vijana pia, si kamati peke yake.

Mukubwa anaweza kutufikisha kwa misaada ambayo peke yetu hatuipati. Hilo ni kweli, na wafadhili wetu wanalijua. Lakini tuingie tukiwa tumeulizwa. Mufike wote mkutanoni.