Siti binti Saad: Kutoka Kaniki Hadi Buibui

Marehemu Siti binti Saad wa Unguja, aliyevuma pwani nzima kwa sauti yake, alizaliwa Fumba yapata mwaka 1880. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Mtumwa, na hali ya wazee wake ilikuwa hiyo hiyo ya utumwa.

Mimi ni fundi cherehani. Hapa Gataka, upande wa Kajiado, nashona kwa oda mavazi ya zamani ya michezo ya kuigiza. Anayetaka nimshonee nguo za Siti huniomba jambo moja: bibi huyu apambwe kwa kanga nzuri tangu mwanzo wa mchezo hadi mwisho. Ombi hilo silikubali, na sababu yake ni maisha yake mwenyewe.

Zama za utoto wake, nguo ilimtangaza mtu. Watumwa wa kike walijifunga kaniki, nguo ya kiza iliyotiwa nili, au merikani, kitambaa cha pamba kisichopaushwa kilichopata jina lake kwa kuletwa na merikebu za Marekani. Walijifunga chini ya makwapa, mabega wazi, na hawakuruhusiwa kufunika kichwa wala kuvaa viatu. Sitara ilikuwa ya waungwana. Basi binti Mtumwa, mtoto wa mfinyanzi, aliyetembea kwa miguu kutoka Fumba kwenda mjini kuuza vyungu, humkatia kaniki tupu na kuikunja pindo kwa sindano ya mkono. Kichwani simpi kitu.

Tarehe 6 Aprili 1897 ikatoka amri ya kufuta utumwa Unguja na Pemba. Wengi wa waliokuwa watumwa wakaiacha kaniki, wakanunua kanga, ambayo watu wa Mombasa huiita leso. Hapa fundi awe macho. Kanga za mwanzo hazikuwa na jina, na majina yalipoanza kuandikwa, yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Doti yenye herufi za Kizungu katika sehemu hiyo ya mchezo ni uongo mtupu.

Yapata mwaka 1911 bibi huyu alihamia mjini. Huko akafunzwa uimbaji, akajifunza na kusoma Kurani, akawa anajulikana kwa jina la Siti, yaani bibi mwenye heshima. Katika miaka hiyo buibui lilikuwa likienea kwa wanawake wa mjini, wa juu na wa chini. Kwa sehemu hii nashona buibui la kamba: kitambaa cheusi kipana kilichoungwa duara, bila mikono, chenye kamba ya kufungia kichwani. Buibui la koti, lenye mikono, ni la miaka ya baadaye sana, na halimfai Siti.

Mwaka 1928 alisafiri na wenzake hadi Bombay, akarekodi sahani za santuri za His Master's Voice kwa Kiswahili. Kwa sauti hiyo aliwasemea wanyonge. Katika wimbo wa Kijiti alilaumu hukumu iliyowafunga mashahidi ilhali muuaji amekwisha kimbia. Alifariki dunia tarehe 8 Julai 1950, na Shaaban Robert akaandika wasifu wake.

Wapo wanaoona kwamba kumvika kaniki mtu mtukufu kama huyu ni kumvunjia heshima. Mimi naona aibu ya kaniki ni ya wale waliomkataza binti wa watu kujifunika. Sisi tuliozaliwa tukiwakuta mama zetu na mabuibui yao twadhani sitara ilikuwa ya kila mtu tangu zamani. Mtazamaji asipomwona Mtumwa kichwa wazi, hatajua Siti alipata nini siku alipoifunga ile kamba.

Mwenyezi Mungu amrehemu. Amin.