Kabaka Mutesa I: Mfalme aliyeufungulia mlango msafara wa Pwani

KAMPALA — Mfanyabiashara anayeshusha mzigo Kikuubo leo hahitaji kueleza anatoka wapi. Lori limepita Mutukula au Malaba, karatasi zimegongwa mihuri, bidhaa zinaingia dukani. Lakini zaidi ya miaka 150 iliyopita, mtu aliyefika Buganda na mzigo kutoka Pwani alikuwa na mlango mmoja tu wa kubisha, nao ulikuwa wa Kabaka. Aliyekaa nyuma ya mlango huo kwa takriban miaka 28 aliitwa Mutesa.

Wengi wanamfahamu Mutesa wa Kwanza kuwa ndiye aliyewakaribisha wamisionari. Ni kweli, lakini hiyo ni nusu ya habari. Kabla mmisionari yeyote hajakanyaga Entebbe, Kabaka huyo alikuwa ameshazoea kuhesabu pembe za ndovu, kuchagua vitambaa na kusoma herufi za Kiarabu. Maisha yake ni hadithi ya mtawala aliyetaka mali ya dunia iingie kwake bila wenye mali kuichukua nchi yake.

Mtoto wa Suuna

Mutesa alizaliwa karibu na mwaka 1838, akiitwa Mukaabya. Baba yake alikuwa Kabaka Suuna II na mama yake Muganzirwazza. Baba huyo ndiye aliyempokea Ahmed bin Ibrahim, mfanyabiashara Mwarabu aliyefika Buganda karibu na mwaka 1844, na anayetajwa kuwa wa kwanza kuleta habari za Uislamu katika ufalme huo. Inaelezwa kuwa Ahmed alithubutu kumkosoa Kabaka mbele ya watu kwa kuua raia ovyo, akimwambia kuwa watu wale wameumbwa na Mungu. Badala ya kumkasirikia, Suuna alitaka kujua zaidi.

Suuna alifariki karibu na mwaka 1856. Mukaabya hakuwa mtoto aliyetarajiwa zaidi, lakini Katikkiro na wakubwa wa ikulu walimchagua, pengine wakidhani kijana huyo angeongozwa kwa urahisi. Walikosea. Alichukua jina la Mutesa na taratibu akazishika hatamu zote mwenyewe.

Njia ya mzigo

Ili kuelewa utawala wa Mutesa, ni lazima kuielewa njia. Msafara uliondoka Bagamoyo, ukapanda hadi Tabora, kitovu cha wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili wa bara. Kutoka Tabora ulielekea kaskazini hadi Karagwe, ukaingia Buddu na hatimaye kufika makao makuu ya Kabaka kwenye vilima ambavyo leo ni Kampala. Kila mzigo ulibebwa kichwani au begani na wapagazi. Baadaye ziwa nalo likawa njia: mitumbwi ya Buganda, iliyokuwa chini ya mkuu aliyeitwa Gabunga, ilivuka hadi pwani ya kusini, upande wa Mwanza, kuchukua wageni na bidhaa zao.

Ndani ya mizigo hiyo mlikuwa na dunia nzima. Merikani ilifumwa Marekani. Kaniki ilitoka India. Nyaya za shaba, baruti na bunduki zilitoka Ulaya. Na ushanga wa kioo, kwa sehemu kubwa, ulitoka Venice nchini Italia.

Ushanga huo unastahili maelezo. Tangu mwaka 1291 tanuri za kioo za Venice zilihamishiwa kisiwa cha Murano. Mafundi wake walitegemea majivu ya mimea yaliyoletwa kwa meli kutoka Syria na Misri, na walijifunza mengi kutokana na vioo vya nchi za Kiislamu. Uhusiano huo haukuwa wa kioo peke yake. Mwaka 1479 Venice ilimtuma mchoraji wake Gentile Bellini hadi Istanbul, ambako alimchora Sultani Mehmed II. Bidhaa na sanaa zilisafiri katika jahazi moja.

Karne nne baadaye, kioo cha Venice kilikuwa kimefika Zanzibar, na wafanyabiashara Waislamu wakakipeleka bara. Aina moja ya ushanga mwekundu, sami-sami, ilipendwa mno hata watu wa misafara wakaipa majina ya utani: kimara-pamba, kwa sababu mtu alikuwa tayari kutoa chakula chake ili aipate, na kifunga-mji, kwa sababu ilisemekana wanawake wangeifilisi nyumba kwa ajili yake. Mfanyabiashara aliyebeba rangi isiyopendwa mahali fulani alirudi na mzigo wake. Mitindo ilibadilika, na habari za soko zilikuwa na thamani kama mzigo wenyewe.

Kabaka na mapambo yake

Mwingereza John Hanning Speke alipofika Buganda Februari 1862, alimkuta Mutesa kijana mrefu, nadhifu, amevaa mbugu iliyotengenezwa kwa magome ya mti wa mutuba. Shingoni alikuwa na pambo pana la ushanga mdogo uliopangwa kwa nakshi za rangi mbalimbali, mikononi na juu ya vifundo vya miguu mapambo mengine ya ushanga, na kwenye vidole pete za shaba.

Picha hiyo inaeleza jambo ambalo mara nyingi husahaulika. Ushanga uliingia kama malighafi tu. Nakshi zilitoka kwa mafundi wa Buganda, na kilichotoka mikononi mwao kilikuwa sanaa ya Kiganda, kikivaliwa juu ya mbugu ya Kiganda.

Hata hivyo, Speke aliona pia upande wa pili. Alimpa Kabaka bunduki kama zawadi. Mutesa akampa kijana mmoja wa ikulu silaha iliyojazwa na kumwagiza akaijaribu kwa mtu uani. Kijana alitoka, akafyatua, akarudi akiwa na furaha. Hakuna aliyeuliza aliyekufa ni nani. Bidhaa mpya ilikuwa imefika, na bei yake ilianza kulipwa na wanyonge.

Sheria za soko la Kabaka

Chini ya Mutesa, biashara ya nje ilikuwa mali ya ikulu. Mgeni alipewa mahali pa kukaa na chakula, lakini Kabaka ndiye aliyetangulia kuona mzigo na kuchagua. Malipo yalikuwa pembe za ndovu na, kwa masikitiko, watu. Mateka waliochukuliwa katika vita dhidi ya Bunyoro na Busoga waliuzwa kwa misafara ya Pwani. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa la kisiwa hicho, lakini bara biashara hiyo iliendelea kwa miaka mingi.

Ndani ya Buganda, simbi zilizotoka baharini zilikuwa sarafu. Athari yake bado inasikika: katika Kiganda, neno ensimbi ndilo linalotumika hadi leo kwa maana ya fedha. Maneno mengine yalipanda na misafara hiyo hiyo: ekitabo, ssukaali, sabbuuni, essaawa, eddiini. Mtu wa Pwani anayetembea Kampala huyatambua bila kufundishwa.

Nguo nayo ilibadilika. Mutesa alianza kuvaa kanzu, na wakubwa wake wakamfuata. Vazi la Pwani likakaa kabisa Buganda, likapewa tarizi yake ya rangi ya damu ya mzee shingoni na kifuani, na leo bwana harusi wa Kiganda hawezi kwenda kwa wakwe bila kanzu, awe Mwislamu au Mkristo.

Swala na upanga

Mwaka 1867 Mutesa alianza kufunga Ramadhani. Alijenga misikiti, akajifunza kusoma Kiarabu na kuzungumza Kiswahili, na akawataka watu wake wasalimiane kwa namna ya Kiislamu. Wapo waliouawa kwa kutofuata. Lakini yeye mwenyewe hakutahiriwa, kwa sababu mila ya Buganda ilikataza damu ya Kabaka kumwagika.

Jambo hilo lilizaa msiba. Walimu Waislamu waliofika kutoka upande wa Misri na Sudan waliwaambia vijana wa ikulu kuwa asiyetahiriwa hafai kuwaongoza katika swala, na nyama aliyochinja mtu wa namna hiyo hailiki. Vijana wakakataa kuswali nyuma ya mfalme wao na kula nyama ya ikulu. Kwa Mutesa huo ulikuwa uasi. Mwaka 1876 aliamuru wauawe, na wengi walichomwa Namugongo. Idadi inayotajwa mara nyingi ni takriban 70. Mahali hapo hapo, miaka 10 baadaye, Wakristo nao walichomwa kwa amri ya mwanawe Mwanga.

Khedive wa opera

Hofu ya Mutesa haikuwa ya bure. Kaskazini, Khedive Ismail wa Misri alitaka mto Nile wote uwe wake. Ismail alikuwa mpenzi mkubwa wa mambo ya Ulaya, hasa ya Italia. Mwaka 1869, mwaka ambao Mfereji wa Suez ulifunguliwa, alifungua jumba la opera mjini Cairo, na Desemba 1871 opera ya Aida ya Mwitaliano Giuseppe Verdi iliimbwa humo kwa mara ya kwanza duniani. Wakati huo huo majeshi yake yalikuwa yakipanda Nile. Mwaka 1876 Mwitaliano Romolo Gessi, aliyekuwa katika utumishi wa Misri, alilizunguka Ziwa Albert kwa mashua. Mwaka huo huo askari wapatao 160 wa Misri waliingia katika mji mkuu wa Mutesa.

Mutesa hakuwapiga. Aliwakaribisha, akawaweka karibu na ikulu, na baada ya muda ikaonekana wazi kuwa askari hao ndio waliokuwa mikononi mwake, kwa kuwa chakula chao kilitoka kwake. Kanali Gordon, gavana wa Misri katika eneo hilo, alilazimika kumtuma Emin, daktari Mjerumani ambaye baadaye alijulikana kama Emin Pasha, kwenda kuzungumza ili waondoke. Waliondoka bila vita. Ismail, aliyezama katika madeni, aling'olewa madarakani mwaka 1879 na kukimbilia Naples, Italia.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo iliyomfanya Mutesa amsikilize Henry Morton Stanley Aprili 1875 na kukubali wamisionari waitwe. Aliwahitaji Waingereza ili kuizuia Misri. Stanley alimwachia Dallington Maftaa, kijana aliyesomeshwa na misheni huko Zanzibar, awe mwandishi na mwalimu ikuluni. Waprotestanti wakafika mwaka 1877, Wakatoliki kutoka Ufaransa mwaka 1879. Mwaka huo Mutesa alituma wajumbe watatu hadi Uingereza, waliomwona Malkia Victoria mwaka 1880. Lakini alipoona wageni hao wana vitabu vingi kuliko bunduki, moyo ulipoa. Mwishoni mwa 1879, akisumbuliwa na maradhi ya muda mrefu, aliwaita tena waganga wa mzimu wa Mukasa.

Alichoacha

Mutesa alifariki Oktoba 1884 na kuzikwa Kasubi, ndani ya ikulu aliyoijenga mwaka 1882. Alizikwa mwili mzima, kinyume na desturi ya zamani ya kutenganisha taya la mfalme. Warithi wake watatu walizikwa hapo pia. Makaburi hayo yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, yakaungua Machi 16, 2010, yakajengwa upya, na mwaka 2023 yakaondolewa katika orodha ya maeneo yaliyo hatarini.

Alipoondoka, mizani aliyoishika iliporomoka. Mwaka 1888 Waislamu na Wakristo walipigana wenyewe kwa wenyewe, na mwaka 1894 Uingereza ikaitangaza Uganda kuwa chini ya himaya yake. Makundi ambayo Mutesa aliyachezesha moja dhidi ya jingine yalikuwa yamepata silaha kupitia soko lile lile alilolifungua. Mnyoro na Msoga waliouzwa kwa misafara hawakurudi kudai chochote.

Lakini mlango haukufungwa tena. Juu ya kilima cha Old Kampala unasimama msikiti mkuu wa kitaifa, uliokamilika katikati ya miaka ya 2000 kwa msaada wa Libya. Vioo vyake vya rangi vilitoka Italia. Kioo cha Kiitaliano katika nyumba ya Waislamu, Kampala: mgeni hushangaa, lakini mzee wa Kasubi angekitambua. Katika ujana wake alikivaa shingoni.