Daktari Cook wa Mengo na Amri Isiyokoma

Wengi wetu tulio katika majeshi na polisi tumewahi kupita kilima cha Namirembe na kuiona Hospitali ya Mengo. Si wote tumjuao mwanzilishi wake, hayati Daktari Albert Cook.

Cook alizaliwa London mwaka 1870. Aliondoka Mombasa mwaka 1896 kwa miguu, akawasili Mengo Februari 1897, na mwaka huo huo akafungua hospitali. Askari wa Kisudani walipoasi na kushika ngome ya Luba, Busoga, alikwenda kuwatibu majeruhi. Mwaka 1902 radi iliteketeza hospitali yake, nayo ikajengwa upya.

Pamoja na mkewe Katharine, aliyekuwa muuguzi, na nduguye Jack, Cook aliandika habari za wagonjwa kwa uangalifu mkubwa. Miongoni mwao walikuwamo watoto waliovimba taya kwa ugonjwa asiokuwa na dawa yake. Yafaa nini kumwandika mtoto usiyeweza kumwokoa?

Jibu lilichelewa. Cook alifariki mwaka 1951. Mwaka 1958 Daktari Denis Burkitt wa Mulago aliutangaza uvimbe huo kwa ulimwengu, na madaftari ya Mengo yakathibitisha kwamba haukuwa ugonjwa mpya.

Baadaye wataalamu walitambua chanzo chake. Chembe hai haigawanyiki ovyo. Hungoja ishara kutoka nje. Ishara ifikapo, chembe hutengeneza protini iitwayo Myc, nayo huamsha jeni za kukua na kugawanyika. Ishara ikikoma, Myc hutoweka upesi. Katika ugonjwa huu, jeni ya Myc huhama kutoka kromosomu ya 8, mara nyingi hadi ya 14, ikakaa kando ya jeni za kingamwili zisizolala. Hilo lilibainika mwaka 1982. Basi chembe nyeupe ya damu hupokea amri ya kusonga mbele isiyokuwa na amri ya kusimama, na uvimbe hukua kwa siku chache tu.

Leo watoto wengi huponywa kwa dawa wakiwahishwa hospitali.

Sisi tushikao zamu tunalo la kujifunza. Askari aandikapo kwa ukamilifu katika kitabu cha matukio, huenda asijue nani atakisoma. Cook naye hakujua. Aliandika tu, kwa kuwa ilikuwa kazi yake.