Baden-Powell: Mpanda Farasi Aliyelala Nyeri

Mtoto wa Jericho hapa Nairobi, avaapo kaki na kufunga skafu shingoni, hulijua jina la Baden-Powell. Lakini mtu huyo kabla ya kuwa mlezi wa watoto alikuwa askari, na habari zake za uaskari hazisimuliwi sana.

Robert Baden-Powell alizaliwa London tarehe 22 Februari 1857. Mwaka 1876 aliingia kikosi cha 13 cha askari wapanda farasi, kilichokuwa Bara Hindi. Huko alibobea katika upelelezi: kusoma nyayo, kulala porini, kutembea usiku bila taa.

Elimu hiyo ilimfaa malkia wake kuliko ilivyomfaa Mwafrika. Mwaka 1896, katika vita vya Wamatabele, nchi ambayo leo ni Zimbabwe, mateka mmoja aliyekuwa mkuu wa watu wake, Uwini, alihukumiwa na baraza la kijeshi, na Baden-Powell akaamuru apigwe risasi. Jeshi lilichunguza, likamwondolea lawama.

Sifa zake zilivuma Mafeking, Afrika Kusini. Makaburu waliuzingira mji huo siku 217, kuanzia Oktoba 1899 hadi Mei 1900, naye akauhami. Uingereza ikashangilia. Waliosahauliwa ni Wabarolong, walioshika bunduki kuulinda mji huo huo, na Waafrika waliopewa posho haba kuliko Wazungu, wengine wakafa njaa.

Mwaka 1907 aliwapeleka wavulana wapatao ishirini kupiga kambi katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, akawafundisha yale yale ya porini, safari hii bila vita. Uskauti ukaanzia hapo, na mwaka 1910 ukafika Kenya. Mwaka huo huo aliacha jeshi.

Uzeeni, mwaka 1938, alikuja kuishi Nyeri, katika nyumba ndogo iitwayo Paxtu. Alifariki tarehe 8 Januari 1941, akazikwa huko huko. Juu ya kaburi lake pamechorwa duara lenye nukta katikati, alama ya skauti ya kumaliza safari na kurejea kwao.

Mizani ina vitanga viwili. Kimoja kina skafu za watoto wetu. Kingine kina Uwini na wenye njaa wa Mafeking. Mtoto anayefundishwa kusoma nyayo, na afundishwe kuzisoma zote, pamoja na za mwalimu wake.