Mobutu, mwenye timu ambaye wapenzi wa Leopards hawakuweza kumzomea

Tarehe 16 Novemba 2025 Leopards ya Kongo iliitoa Nigeria kwa penalti mjini Rabat, Morocco, na furaha ikaenea Kongo nzima. Wachache usiku ule walikumbuka kwamba katika mji huohuo wa Rabat, kwenye makaburi ya Wakristo, amelazwa mtu aliyeimiliki timu hiyo kwa zaidi ya miaka 30 kama mtu anavyomiliki ferme yake. Hakuna karatasi iliyowahi kuandikwa kwamba timu ni yake. Lakini pesa ilitoka mfukoni mwake, wachezaji walirudi nyumbani au kuzuiwa kuondoka kwa neno lake, na alipokasirika timu ilikufa njaa.

Mtu huyo ni Mobutu Sese Seko. Hapa Masisi na Walikale wazee wanamkumbuka kwa mambo mengine kabla ya mpira: kazi ya salongo, kadi ya MPR, ferme zilizobadilisha mwenyewe, na vita ya 1993. Ila ukiyatazama vizuri, habari ya ferme na habari ya timu zinafanana sana, na hata kalenda inaziweka pamoja.

Alizaliwa tarehe 14 Oktoba 1930 huko Lisala, kando ya mto Kongo, kwa jina la Joseph-Désiré. Baba yake, Albéric Gbemani, alikuwa mpishi kwa wazungu, akafa mtoto angali mdogo. Mama yake, Marie-Madeleine Yemo, alihangaika naye kutoka kijiji hadi kijiji. Alisoma kwa wamisionari kule Coquilhatville, ambayo leo ni Mbandaka. Alikuwa mwenye akili na mkorofi. Siku moja alitoroka shuleni akaenda kuiona Léopoldville, na adhabu yake ikawa kupelekwa jeshini, katika Force Publique. Alitoka jeshini mwaka 1956 akawa mwandishi wa habari. Ndiyo, alikuwa mwenzetu wa kazi, na inaonekana somo alilolishika vizuri kuliko yote ni hili: anayeshika habari anashika watu.

Mengine ya siasa yanajulikana. Alikuwa karibu na Lumumba, Lumumba akamweka mkuu wa majeshi mwaka 1960, na mwezi wa Septemba mwaka uleule akamgeuka. Mwaka 1964 alikuja kwetu mashariki wakati wa vita vya waasi, na mapigano ya Kamanyola, katika uwanda wa Ruzizi, yakawa hadithi yake kubwa ya ushujaa. Jina la Kamanyola lilipewa kikosi cha jeshi, na baadaye likapewa uwanja mkubwa wa mpira kule Kinshasa. Kukumbuka vita kwa jina la uwanja wa mpira, hilo lilikuwa wazo la Mobutu kabisa.

Novemba 1965 timu ya Kongo ilikwenda Tunisia kwenye Kombe la Afrika ikapoteza michezo yake yote miwili. Siku chache tu baada ya mashindano hayo kwisha, tarehe 24 Novemba, Mobutu alichukua utawala. Alikuta nchi yenye majeraha ya Katanga, ya Kasai na ya waasi wa mashariki, watu wasioaminiana. Mpira ulikuwa kitu kimoja ambacho Mluba, Mnande, Mhunde na Mungala waliweza kukishangilia pamoja. Mobutu aliliona hilo mapema. Aliamuru Wakongo waliokuwa wakicheza Ubelgiji warudi nyumbani, na serikali ikalipa kwa ajili ya hilo. Timu iliitwa Leopards, kwa jina la mnyama ambaye ngozi yake ndiyo ilikuwa kofia ya rais.

Na ilizaa matunda, lazima tuseme ukweli. Tarehe 21 Januari 1968, kule Addis Ababa, Leopards iliifunga Ghana 1-0 kwa bao la Kalala na kuchukua Kombe la Afrika kwa mara ya kwanza. TP Englebert ya Lubumbashi ilitwaa kombe la vilabu bingwa mwaka 1967 na tena 1968. Kisha ikaja siasa ya Authenticité. Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko, Kongo ikawa Zaïre, Englebert ikawa Mazembe, Daring ya Kinshasa ikawa Imana, Dragons ikawa Bilima. Hakuna mpenzi wa timu yoyote aliyeulizwa maoni. Mtu aliyeshangilia jina fulani tangu utoto aliamka asubuhi akakuta jina limekatazwa.

Mwaka 1973 ndio wa kukaa nao kidogo. Mwezi wa Julai ilitoka sheria ya ardhi iliyosema udongo wote ni mali ya serikali. Tarehe 30 Novemba Mobutu alitangaza zaïrianisation: maduka, mashamba na kampuni ndogo za wageni zinachukuliwa na kupewa wazalendo. Siku 9 baadaye, tarehe 9 Desemba, Leopards iliipiga Morocco 3-0 mjini Kinshasa na kuwa timu ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kufika Kombe la Dunia. Wiki moja baadaye tena, AS Vita Club ikachukua kombe la vilabu bingwa vya Afrika. Nchi ilikuwa imelewa furaha. Rais aliwapa wachezaji nyumba na magari. Mkono uleule, katika majira yaleyale, ulikuwa ukigawa maduka na ferme.

Masisi ilikuwa na vitu vya kugawa. Tangu wakati wa Wabelgiji, vilima vyake vilikuwa na mashamba ya chai, ya kahawa, ya pareto, na malisho ya ng'ombe, na kuanzia 1937 utawala wa kikoloni ulikuwa umeleta maelfu ya watu kutoka Rwanda kuja kufanya kazi humo. Wazungu walipoondolewa, ardhi haikurudi kwa wakulima wala kwa machifu wa zamani. Ilikwenda kwa wenye kujuana na Kinshasa, wenye karatasi, wenye kadi nzuri katika chama. Mkulima aliyekuwa akilima mihogo na maharagwe pembeni ya ferme aliambiwa siku moja kwamba shamba lake liko ndani ya mpaka wa bwana mpya. Alilalamika wapi? Mwenye ferme alikuwa mtu wa rais, na rais alikuwa chama, na chama kilikuwa nchi.

Wapenzi wa Leopards walikutana na ukuta huohuo miezi michache baadaye. Machi 1974 bado mambo yalikuwa matamu: kule Misri, Zaïre na Zambia zilitoka 2-2 katika fainali ya Kombe la Afrika, zikarudiana baada ya siku mbili, Zaïre ikashinda 2-0. Mabao yote manne ya Zaïre yalifungwa na Mulamba Ndaye, ambaye alimaliza mashindano na mabao 9. Kisha mwezi wa Juni timu ikaenda Ujerumani ya Magharibi. Mchezo wa kwanza, Dortmund, ilifungwa na Scotland 2-0, na haikuwa aibu. Walicheza vizuri.

Aibu ilianzia hotelini. Wachezaji wenyewe walisimulia baadaye kwamba primu waliyoahidiwa haikuwafikia, kwamba pesa ilikuwa imeliwa na wakubwa waliosafiri nao, na kwamba walitaka kugoma kabla ya mchezo wa pili. Waliingia uwanjani Gelsenkirchen tarehe 18 Juni bila moyo. Kocha, Blagoje Vidinić, alikuwa Myugoslavia, na wapinzani walikuwa Yugoslavia. Baada ya mabao 3 kipa Kazadi alitolewa akaingia Tubilandu. Hadi leo watu wanabishana kama amri ilikuwa ya kocha au ilitoka kwa wakubwa wa wizara. Ndaye alipewa kadi nyekundu kwa kosa ambalo halikuwa lake, kwa kuwa aliyempiga mwamuzi teke ni Ilunga Mwepu. Matokeo yalikuwa 9-0.

Kwa hesabu ya Mobutu, waliofungwa 9 hawakuwa wachezaji 11, ni yeye. Mwepu na wenzake walieleza miaka mingi baadaye kwamba walinzi wa rais walifika hotelini na ujumbe: mkifungwa na Brazil zaidi ya mabao 3, hamtarudi nyumbani. Brazil ilihitaji mabao 3 ili kuvuka. Ikapata 3 kamili. Katika mchezo huo Mwepu alichomoka kwenye ukuta na kuupiga mpira mbali kabla Mbrazili hajapiga frikiki yake, na dunia ikacheka kwamba Waafrika hawajui sheria. Mwepu aliishi hadi 2015 akieleza kwamba sheria aliijua vizuri. Alikuwa na hasira na hofu, na alitaka kupoteza dakika. Kwa upande wangu namwamini. Mtu aliyechukua Kombe la Afrika miezi mitatu kabla hawezi kuwa hajui frikiki.

Michezo 3, mabao 14 ya kufungwa, hakuna hata moja la kufunga. Wachezaji walirudi Kinshasa bila ngoma wala mapokezi. Milango ya kwenda kucheza Ulaya walifungiwa na mwenye timu, na mkono uliokuwa ukitoa ukakunjwa. Miezi minne tu baadaye, tarehe 30 Oktoba 1974, Mobutu alikuwa na mchezo mpya: Muhammad Ali na George Foreman walipigana usiku wa manane kwenye uwanja wa 20 Mai, na kila mmoja aliahidiwa dola milioni 5. Primu ya Leopards haikupatikana, lakini dola milioni 10 za wageni zilipatikana.

Jambo linalonisumbua katika habari hii yote ni ukimya wa wapenzi. Leo timu ikifungwa, uwanja unazomea, vijana wanaimba nyimbo za kumtukana rais wa klabu, kesho yake magazeti yanaandika ajiuzulu. Mwaka 1974 hilo halikuwezekana. Redio ilikuwa ya serikali, magazeti yalikuwa ya chama, na picha ya mwenye timu ilitundikwa katika kila ofisi. Kumlaumu kocha kuliruhusiwa kidogo, kumlaumu mchezaji kuliruhusiwa sana. Ndiyo maana hasira yote iliwaangukia wachezaji, ambao hata primu hawakuiona. Mwaka 1976, kule Ethiopia, bingwa mtetezi wa Afrika alitolewa katika makundi. Bei ya shaba ilikuwa imeanguka, deni limepanda, na rais alikuwa akitazama kwingine.

Ndaye, mfungaji wa mabao 9, hakufa tajiri. Mwaka 1994 alikwenda Tunisia kupewa heshima na Shirikisho la Afrika. Aliporudi Zaïre, watu wenye silaha waliodhani ana pesa walimpiga risasi mguuni. Aliishia ukimbizini Afrika Kusini, akafariki Johannesburg mwezi wa Januari 2019.

Huku kwetu nako mambo ya ugawaji yalitoa moto wake. Barabara ya Bukavu kwenda Kisangani, inayopita Walikale, iliachwa hadi msitu ukaanza kuila. Sheria ya uraia ya 1972 iliwapa watu wengi wenye asili ya Rwanda uraia wa Zaïre, ile ya 1981 ikawanyang'anya. Mwenye nchi alitoa na kuchukua kama alivyofanya na wachezaji. Juu ya hayo kulikuwa na ferme. Tarehe 20 Machi 1993 mauaji yalianza kwenye soko la Ntoto, Walikale, yakapanda hadi Masisi, majirani wakauana, maelfu wakafa, wengine wengi wakakimbia. Mwezi wa Julai Mobutu alikuja Goma, ambako alikuwa na jumba kando ya ziwa, akatuma askari wake wa DSP vilimani. Vita vilipoa kwa muda. Mwaka mmoja baadaye wakimbizi wa Rwanda walijaa Goma, na Masisi haikupumua tena.

Mei 1997 Mobutu alitoroka Kinshasa, akapitia Gbadolite na Togo, akafika Morocco, nchi ambayo Leopards yake iliipiga 3-0. Alikufa kwa saratani ya tezi dume tarehe 7 Septemba 1997. Utawala mpya uliifuta alama yake: Leopards ikaitwa Simba, uwanja wa Kamanyola ukaitwa wa Mashahidi, kwa kumbukumbu ya mawaziri wanne wa zamani aliowanyonga hadharani mahali hapo mwaka 1966. Mwaka 2006 timu ilirudia jina la Leopards, kwa kuwa wapenzi hawakuwahi kuliacha. Mwaka 2013 Rais Joseph Kabila alizungumzia kuurudisha mwili nyumbani, haukuja.

Ferme za Masisi hazikubadilishwa. Karatasi zilizotolewa 1973 na 1974 zilirithiwa, zikauzwa, zikauzwa tena mara mbili kwa watu tofauti, na mipaka yake bado inagombaniwa kwa maneno, mahakamani, na mara nyingine kwa bunduki.